Ukiulizwa Nani, Usiseme Sisi

Mwanangu Somoe,

Umekwenda Bungu kusukwa nywele za safari. Mimi nimebaki ndani, nimekaa karibu na dirisha na kalamu yako ya bluu niliyoichukua bila kukuomba, na mlangoni nimetia komeo usije ukanifuma. Mwanga upo bado. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana ukikaa mbele yangu sitasema cha maana. Nitakuuliza kama umefunga begi, utasema ndiyo, basi, tutanyamaza mpaka chakula kiive.

Sikuandikii habari za kulinda simu stendi, wala maji ya kunywa, wala maneno ya wanaume wa mjini. Hayo shangazi yako wa Mbagala atakuchosha nayo hata hujavua viatu. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu jana.

Jana nilikuuliza kuhusu ile kazi ya vitalu vya mpunga kule Kilombero, ile uliyonionyesha kwenye simu, tangazo linafungwa Ijumaa. Nikasema, umeshaandika barua? Ukaendelea kuchambua mchele kwenye ungo. Kisha ukajibu, tena bila hasira, na heri ungekuwa na hasira: "Baba, sisi watu wa huku hatuajiriwi. Tuache tu." Kesho unakwenda kumsaidia shangazi kuuza chakula cha kuku dukani kwake. Najua namna mambo yanavyokwenda. Ukishazoea pale, stashahada yako ya kilimo itakaa chini ya godoro mpaka mende waimalize.

Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo. Kukosa kazi nimeshakuzoea, Mungu anisamehe, wewe mwenyewe umenizoesha. Kilichonichoma ni ile "sisi". Hiyo sisi ni yangu, Somoe. Nilikupa mimi, tena kwa kukulazimisha.

Unakumbuka mlango wetu wa zamani kule bondeni, kabla maji hayajatuhamisha? Ulikuwa mdogo, daftari zako kwenye mfuko wa rambo. Ukirudi shule unapiga hodi, nami nauliza kutoka ndani, "Nani?" Unajibu kwa kile kisauti chako, "Mimi!" Sifungui. Nani? "Mimi, baba!" Nakuacha hapo juani. Nakwambia, "Mimi ndiye nani? Nyumba hii haina mtu anayeitwa mimi. Aliyeanza kujisifu kwa mimi ni Ibilisi, na unajua alikoishia." Mpaka useme, "Ni sie, baba," ndipo nitoe komeo. Mama yako alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni, "Hebu mfungulie mtoto, jua lote hilo!" Nami nacheka. Nilijiona nalea.

Ndivyo nilivyolelewa mimi pia. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufinya masikio kwa neno hilo. Huku kwetu mtu akivuna vizuri anasema tumejaliwa. Akijenga nyumba kwa mikono yake peke yake anasema tumejisitiri. Hata mgonjwa aliyelala peke yake kitandani, ukimuuliza hali, anakwambia hatujambo. Ni adabu nzuri, siikani. Inamkinga mtu na kijicho, tena inamkumbusha kwamba hakujiumba. Ila hakuna aliyenitahadharisha kwamba iko milango ambayo ukisema sie, wenye nyumba wanaendelea kukaa.

Sikiliza habari ya ghala. Kikundi chetu cha wakulima kilipopata ghala tulitaka mlinzi, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Tukatangaza msikitini na pale barabarani Bungu, barua zikaja. Nilikuwa sijawahi kukaa upande ule wa meza. Lo! Barua zote zilikuwa barua moja. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Naomba kazi yoyote mtakayoona inanifaa. Nitafanya kazi kwa bidii na uaminifu, popote, wakati wowote. Nipo chini ya miguu yenu. Nilizisoma mpaka macho yakauma, na nilipoziweka chini sikuwa na hata sura moja kichwani. Hakuna aliyekuwa ameandika. Wote walikuwa wamenakili.

Isipokuwa kijana mmoja wa Mkongo. Yeye aliandika nusu ukurasa. Nasikia mnaogopa wezi na panya, alisema. Mimi msimu mzima nimelala kwenye dungu la baba yangu, kile kibanda cha juu shambani, nikilinda mpunga, na nguruwe hawakuonja hata suke moja. Usingizi wangu ni mwepesi. Nina mbwa anayenitii. Mitego ya panya natengeneza mwenyewe, nikiitwa nitakuja nayo. Akaweka jina lake, akamaliza.

Wazee wa kamati wakaguna. Mmoja akasema, "Huyu anajisifu. Ati mimi, mimi, mimi!" Na mimi baba yako, nikiwa kwenye kiti cha mwenyekiti, nikasema kweli kabisa, huyu hana adabu. Tukamchukua mmoja wa wale wa kazi yoyote. Yaliyofuata unayajua, magunia yalivyotoka na mlinzi amejifunika shuka gubigubi. Watu walimlaumu mlinzi. Mimi hakunilaumu mtu, kwa sababu tuliamua sisi.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoielewa barua ya yule kijana. Alikuwa ameanza na shida yetu, si yake. Kisha akasema jambo alilolifanya, mahali alipolifanyia, na kilichotokea. Ukiisoma unamwona mtu ameketi juu ya dungu na mbwa wake chini. Alikuwa ametuletea mlinzi ndani ya karatasi, sisi tukatafuta mnyenyekevu.

Sasa nakuja kwenye lako. Najivuta, maana hapa pananiuma.

Uliporudi kutoka chuo ulikaa siku kadhaa unalitazama bonde, kisha ukaanza kupita nyumba hadi nyumba na beseni. Ulitaka kila nyumba ikupe kibaba cha mbegu uoteshe kitalu kule juu nyuma ya shule, ili mafuriko yakilifagia bonde tuwe na miche ya kupandikiza. Watu walikucheka. Mtoto wa kike, hana shamba, hana mume, anaomba mbegu kwa beseni! Ulipofika kwangu nilikuwa na wageni. Nikakujibu mbele yao, "Mimi mpunga nimeujua mama yako hajakuzaa. Nenda kawafundishe hukohuko chuoni kwenu." Ona hapo. Siku hiyo mimi ilinitoka bila taabu yoyote.

Mama yako alikupa. Alichota kwenye debe lake la mbegu, wala hakuniuliza. Ukakilea kitalu kile kwa ndoo kichwani, asubuhi na jioni, unafukuza kuku wa watu na unatukanwa na wenye kuku. Kisha maji yakaja. Yalibeba kila tulichopanda, na dungu langu nililiona kwa macho yangu linakwenda zake. Yalipopungua watu wakapanda kilimani kwako na vikapu, na mimi nikiwa nyuma yao nimeinamisha kichwa. Ulinifungia miche yangu kwa kamba ya mgomba. Msimu ule tulikula kwa kitalu chako.

Halafu wakaja wale wageni wa mradi. Wakawekewa viti vya shule. Yule mama mwenye miwani akauliza, "Wazo hili la kitalu alilianzisha nani?" Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sinia ya chai. Watu wakanigeukia mimi. Nikasimama, nikasafisha koo, nikasema, "Ni sisi wakulima wa hapa. Tulikaa, tukashauriana, tukaamua." Wakapiga makofi. Yule mama hakuridhika. "Lakini nani hasa, mzee? Tunatafuta mtu wa kufanya naye kazi hii vijiji vingine." Alikuwa ameshika kalamu, Somoe. Alikuwa anasubiri jina. Nikamwambia, "Sisi sote, mama." Akafunga daftari lake.

Baada ya muda wakatuletea kijana kutoka mbali aje atufundishe vitalu. Siku ya kwanza tu akakuomba wewe umwonyeshe.

Siku ile ya makofi nilikuangalia. Uliweka sinia chini polepole, ukaanza kumimina chai, na hukumwaga hata tone. Mama yako alingoja wageni waondoke. Akaniambia, "Hiyo sisi yako leo imemmeza mtoto." Nikamjibu asiniletee maneno ya jikoni. Ndivyo nilivyomjibu mke wangu. Haikupita muda tukamzika, na sikuwahi kumwambia kwamba alisema kweli. Nakwambia wewe, kwa kuwa yeye nimemchelewa.

Nilidhani yameishia pale, kumbe neno ulikuwa umelibeba. Ule usaili wako wa Morogoro, ulirudi ukanisimulia huku unacheka. Ati walikuuliza, "Kwenye kitalu hicho wewe mwenyewe ulifanya nini?" Ukawajibu, "Tulihamasishana, tukaotesha." Wakasema, "Sawa, wengi walishiriki. Wewe je?" Ukasema, "Tulishirikiana wote." Wakakushukuru, wakamwita mwingine. Ulicheka, na mimi nikacheka. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba nikalia, maana nilijua ni nani aliyekuwa akijibu kwa kinywa chako.

Na hizo barua zenyewe unazotuma! Yule kijana wa stesheneri pale Kibiti ana barua moja ya Kiingereza tangu afungue duka. Anabadilisha jina, anabonyeza, imetoka. Ile ya mwaka jana ilikwenda na jina lako juu na jina la Hamisi sijui nani chini. Tulicheka sana siku ile, hata jirani akaja kuuliza kuna nini. Baadaye nikawaza. Kama Hamisi anaweza kuingia mahali pa Somoe na barua isitikisike hata nukta, basi humo ndani Somoe hakuwemo tangu mwanzo.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na baba kumwomba mwanawe si jambo dogo. Ukifika Mbagala, kabla pua yako haijazoea harufu ya pumba, andika hii ya Kilombero mwenyewe. Tumia Kiingereza chako hichohicho. Tafuta mtu akukagulie tahajia, ila maneno asiyaguse. Anza kwa kulisoma tangazo lao mpaka ujue wanaogopa nini, kama yule wa Mkongo alivyojua habari ya panya wetu. Usiwaeleze umaskini wa kwetu. Watauhurumia, kisha wataajiri mwingine. Usiwaambie unataka kazi yoyote. Wanayo kazi moja, ina jina, itaje. Na usiandike kwamba wewe ni mchapakazi. Andika beseni. Andika ulipita nyumba ngapi, wewe unajua, mimi sikuwa nahesabu, nilikuwa nacheka. Andika nani walikataa na uliwaambia nini mpaka wakakubali, na maji yalipoondoka miche ilitosha mashamba ya nani na nani.

Andika kwamba baba yako mwenyewe alikunyima mbegu. Liandike hilo, sitaona haya. Nitaona, lakini liandike.

Na kila mahali mkono utakapotaka kuandika tuli-, uzuie. Andika nili-, hata kama ni kwa Kiingereza. Nilipita. Nilimwagilia. Niligawa. Utasikia masikio yanawaka, utaniona nimesimama nyuma ya mlango na komeo langu. Endelea tu kuandika.

Sasa usije ukadhani nakutia moyo. Moyo wenyewe sina. Mimi ninavyoona hawatakujibu. Pengine nafasi ile ina mwenyewe tayari, na tangazo wamelitoa kutimiza taratibu. Nimeona barua zako nyingi zikienda na sijaona hata moja ikirudi na neno. Zamani simu yako ikilia nilikuwa nakutazama usoni kwanza. Siku hizi sikutazami. Nikiwa shambani nawaza kwamba mlango wako ulishafunguka mara moja, hapahapa Mahege, kwenye viti vya shule, na mtu aliyesimama katikati yake akauziba alikuwa baba yako. Mlango wa namna ile nimeungojea urudi, msimu baada ya msimu. Haurudi. Nimechoka kuungoja, na wewe naona umechoka kabla yangu, na hilo ndilo linaloniua.

Utauliza, basi unanisumbulia nini? Nakusumbua kwa sababu hata wakiitupa barua hiyo, nataka waitupe na wewe ukiwa ndani yake. Hizo zote zilizopita, aliyekataliwa ni Hamisi. Pale Morogoro nilikataliwa mimi. Wewe hawajakuona bado, mwanangu. Sitaki uache kuandika kwa sababu ya kukataliwa ambako hakukuwa kwako.

Nilitaka kumalizia hapa, nikaandika "Tunakutakia safari njema", nikalikata. Unaona hapo juu nilipochafua karatasi. Tunakutakia, sisi na nani? Mama yako alipokuwepo tulikuwa sisi. Ulipokuwepo wewe, tukiwa wawili na ugomvi wetu wa redio, tulikuwa sisi. Kesho basi likishaondoka Bungu nitarudi hapa, jirani atapita na jembe lake aniulize, "Hamjambo humo?" Nitamjibu hatujambo. Na humo ndani kutakuwa na mimi na mtungi. Umri wangu wote nimejificha ndani ya neno lile, sasa limebaki tupu na mimi nimo. Naogopa, Somoe. Sikuwahi kukwambia kwamba huwa naogopa.

Usirudi kwa ajili yangu. Nakukataza. Ila siku ukija, umepata au umekosa, umeolewa au hukuolewa, piga hodi. Nitauliza nani, kama zamani. Sema, "Ni mimi." Sitakurudishia swali, sitakuuliza mimi ndiye nani. Nitafungua hapohapo.

Nasikia pikipiki imesimama nje. Unamuaga dereva, unamwambia wasalimie. Hodi yako ndiyo hiyo. Nimeuliza, "Nani?" na kalamu iko mkononi.

Umejibu, "Ni sie, baba."

Ngoja nije nikufungulie.

Ni mimi,
Baba yako